Kuku wa Goti Langu

Bwera

Kwako Tsongo, ambaye bado naitwa mke wako,

Huku tu wazima. Maharagwe yamekomaa, na mama angekusalimu kama angejua nakuandikia.

Siku uliponivunja goti kwa teke, mjomba wako, yule muunga mifupa, alimvunja kuku mguu, akaufunga kama alivyofunga wangu. Alisema kuku akitembea, nami nitatembea. Wiki ya tatu kuku akatembea, nawe ukasema najifanya mgonjwa. Hadi leo natembea na fimbo.

Daktari alinieleza. Mfupa una damu ndani, ndiyo maana wangu uliunga. Lakini katikati ya goti kuna gegedu, kitu kigumu kiasi lakini kinachopindika, kama cha sikioni. Hilo halina damu, na likisagika halirudi.

Sasa nasikia jiwe la machimboni Muhokya limekusaga goti, na unaniita Kasese nikuuguze. Siji. Nimekutumia kuku yuleyule kwa basi la asubuhi. Mguu wake wa pili nimeuvunja mwenyewe, polepole, nikilitaja jina lako.

Akitembea, nawe tembea.

Evas