Muguu wa Nyuma wa Filou

Sherbrooke, siku ya Mungu, baada ya ibada

Papa yangu mupenzi,

Barua hii ikukute umekaa mbele ya nyumba, umeshiba, na mvua imenyamaza kidogo. Mimi, Papa Neema na batoto tuko wazima. Baridi inaanza kutuachilia. Wiki hii nimeona majani ya kweli kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na moja. Wewe je? Lile goti la kushoto bado linakusumbua ukipanda kilima? Na Mama, tension yake ya damu imetulia? Umuambie dawa akunywe hata siku anajisikia muzuri, asiache katikati kama mwaka uliopita. Na mihogo ya upande wa muto, nguruwe za pori ziliwaachia kitu?

Nimesikia njia ya kuingia Pinga imeharibika tena, pikipiki zinasukumwa kwa mikono. Njo sababu sikutaka kungojea rezo ya telefone irudi. Mama Jeannette wa kanisa letu anakuja Goma kuona ndugu zake. Anvelope ataiacha kwa kaka Bahati, yeye atajua kuipitisha mu matope. Ndani kuna foto, nimezitoa ku karatasi nzuri. Usizikunje, Papa.

Sauti yako uliyonitumia ku telefone ya kaka nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikaona haya. Mara ya tatu nikatafuta kalamu. Ulisema: "Riziki, hapa wanasema kazi yako huko ni kupiga imbwa foto. Bantu bameisha?" Na Mama nyuma yako: "Umwache mutoto, pengine Bahati njo alisikia vibaya."

Kaka alisikia vizuri. Ninapiga imbwa foto, Papa. Na ninajua kuzipiga.

Hapa kuna watu wanaocheza na imbwa zao kiwanjani, na wanashindana. Wanapanga fito za kuruka, bomba kubwa ambamo imbwa anaingia huku na kutokea kule, ubao mwembamba wa juu kama daraja letu la muti, na vijiti kumi na mbili vimesimama mustari, imbwa anapita katikati akijikunja kama nyoka. Mwenye imbwa anakimbia pembeni. Haruhusiwi kumugusa wala kumufunga kamba, ni sauti na mukono tu. Anayemaliza mbio zaidi bila kosa anashinda. Kisha wanawafungulia wote mu majani, imbwa kumi na tano ao ishirini, wanafukuzana, wanaangushana, wanaibiana mupira. Hakuna anayewinda kitu. Siku ya kwanza niliangalia mwisho wa mbio nikajiuliza: na nyama iko wapi?

Nilifika hapo na ufagio. Nilikuwa ninasafisha jumba moja kubwa la farasi, lenye muchanga ndani, na siku ya posho, ile inayotangulia siku ya Mungu, wale watu wa imbwa wanalikodi. Wakati wa kupumzika nilikuwa ninakaa ku benchi na kamera yangu ya zamani, ile niliyopigia foto za ndoa na za ubatizo tulipokuwa kambini Uganda. Siku moja nikapiga imbwa mweusi na mweupe akiwa hewani, miguu yote minne imekunjwa, masikio yamesimama, ulimi nje kama anacheka. Mwenye imbwa akaja nyuma yangu kuangalia. Ni Madame Odette, mujane wa miaka sitini na kitu, anaendesha bisi ya batoto wa masomo. Imbwa jina lake Filou. Ni wa kabila ya imbwa za wachungaji. Ukimuachilia mu malisho ya Kirolirwe, mbele ya saa sita ng'ombe zote zimesimama mustari.

Madame Odette aliangalia ile foto muda murefu. Akaniuliza, "Ulijuaje ataruka wakati ule? Wapiga foto wengine wananiletea mukia tu."

Nikamujibu, "Papa yangu ni muwindaji. Alinikataza kuangalia miguu. Alisema imbwa anaruka kwanza na mabega."

Siku ile njo alinitoa ku ufagio. Alinipeleka kwa mukubwa wa klabu, Monsieur Gérard, akamuambia, "Huyu mama anaona." Sasa kila mwisho wa wiki ninalala ku tumbo mu muchanga, jicho ku kamera, na imbwa za watu zinaruka juu ya kichwa changu. Kusafisha nimebakisha siku mbili tu. Watu wananiagizia foto za mwaka mzima. Sikuandikii ili kujisifu, Papa. Lakini hata nikijisifu kidogo, si vibaya.

Sasa nikuambie jambo lililonifanya nikukumbuke mpaka nikakosa usingizi.

Ilikuwa mwezi wa kumi, wiki mbili mbele ya mashindano makubwa ya jimbo lote. Kila mutu alisema Filou atashinda. Mimi nilikuwa ninapanga foto zake za wiki tatu ku mashine, nikaona kitu. Kila mara anaposhuka ule ubao wa juu, muguu wa nyuma wa kushoto unakanyaga, wa kuume unabaki umekunjwa kidogo, unachelewa kugusa chini. Foto moja ni bahati mbaya. Mbili, unaweza kunyamaza. Mimi nilihesabu kumi na moja. Posho iliyofuata nilikuja mapema, nikaweka kamera chini, nikafunga macho, nikasikiliza Filou akipita juu ya ubao. Miguu mitatu ilikuwa na uzito. Wa ine ulikuwa mwepesi.

Unamukumbuka Watasema, Papa? Ulimuita vile juu ya majirani, waliosema imbwa yako anakula kuliko batoto wako. Ile asubui ya kwenda kuwinda wanaume walikuwa wamekwisha kusimama na nyavu, wengine walitoka kijiji cha ngambo ya muto. Watasema alivuka kiwanja, kengele yake ya muti ikalia shingoni, na wewe ukainua mukono. Ukamuambia apite tena. Kisha ukapiga magoti ukafungua kengele. "Leo haendi." Wakakutukana. Mumoja akasema muzee ameanza kuogopa pori. Hukujibu kitu. Siku ya tatu muguu ukavimba, mimi nikaleta maji ya moto, na wewe ukatoa mwiba murefu kama kidole changu. Nilikuwa na miaka tisa. Niliona wale wanaume hawakurudi kuomba musamaha, na wewe hukuwangojea.

Basi nikamuambia Madame Odette, pale pale, mbele ya gari lake.

"Madame, Filou anaumwa muguu wa nyuma wa kuume."

Akacheka. "Filou? Angalia anavyoruka!"

"Anaruka kwa sababu anakupenda. Lakini anaumwa."

Akaacha kucheka. "Riziki, mimi niko na imbwa tangu miaka arobaini. Nilale naye chumba kimoja, nisione? Wewe uje na kamera uone?"

"Ndiyo," nikasema.

Akafunga mulango wa gari. Hakuchukua foto zake.

Jioni Monsieur Gérard akanipigia. Alisema kwa upole, lakini alisema: mupiga foto apige foto, munganga aangalie ugonjwa, watu wanakuja hapa kufurahi, wasitishwe, na pengine ile siku ya mashindano ingekuwa vizuri nipumzike, watatafuta mutu mwingine. Papa Neema alikuwa amekaa karibu, alisikia yote. Akaniambia, "Mama Neema, acha imbwa za watu. Umeona kwa bahati mulango umefunguka, na wewe unaufunga mwenyewe?"

Sikukasirika naye. Ni yeye anaamuka mbele yetu wote kwenda kazi ya kiwanda, anajua ufagio unavyoumiza mugongo wangu. Siku mbili nilijaribu kunyamaza. Nilijiambia muguu si wangu, imbwa si wangu, inchi si yangu. Lakini kila nikifunga macho ninasikia ule muguu mwepesi.

Siku ya tatu nikatoa zile foto kumi na moja ku karatasi, nikapanda bisi nikaenda kwake. Alifungua mulango, hakunikaribisha, hakunifukuza. Filou alikuja akaweka kichwa mu mikono yangu. Nikaingia. Nikapanga foto ku meza ya jikoni, moja moja, ya zamani kushoto, ya karibuni kuume, kisha nikakaa. Sikusema neno, Papa. Nilifanya kama wewe.

Madame Odette alisimama akiangalia. Akatafuta miwani. Akaangalia tena kutoka mwanzo, kidole chake kinatembea juu ya kila muguu. Nilisikia maji ya chai yanachemka na hakuna aliyeyatoa ku moto. Halafu akapiga magoti, na goti lake linamuuma kama lako, akamuita Filou, akapitisha mukono taratibu ndani ya paja la kuume. Filou hakulia. Aligeuza tu kichwa upande mwingine, kama mutoto ambaye hataki uone machozi yake.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Foto ya kwanza niliipiga wiki ine zilizopita."

"Na mimi nilikuwa ninamupigia makofi."

Kesho yake munganga wa wanyama alimupima na mashine inayoonyesha ndani ya mwili. Musuli wa ndani ya paja ulikuwa umeanza kupasuka. Alisema kama angeshuka ule ubao mara nyingine kwa mbio ya mashindano, pengine angebaki kutembea na miguu mitatu. Apumuzike mpaka baridi iishe, na aogeleshwe mu maji ya vuguvugu mara mbili kwa wiki. Ndiyo, Papa, hapa kuna bwawa la imbwa. Usimuambie Mama kwanza.

Madame Odette alinipigia akilia, halafu akacheka. Akamupigia Monsieur Gérard pia. Sijui alimuambia nini, lakini siku ya mashindano njo mimi niliyekuwa ku muchanga na kamera. Yeye alikuja bila imbwa. Alikaa karibu yangu siku nzima, amebeba mufuko wa batri zangu, na kila imbwa akimaliza ananiuliza kwa sauti ya chini, "Huyu je? Miguu yote?" Siku ile nilipiga foto nzuri kuliko zote za maisha yangu. Wewe njo utasema kama ni kweli: nimekuwekea tano mu anvelope.

Monsieur Gérard hakuomba musamaha. Lakini wiki iliyofuata alikuja na imbwa wake munene, akasimama akikohoa, akasema, "Riziki, ukipata muda... umuangalie na huyu." Nilimuangalia. Nikamuambia hana ugonjwa, apunguziwe tu chakula. Watu walicheka mpaka yeye akacheka. Sasa wananiletea imbwa zao mbele ya mbio, nipige foto tatu wakikimbia polepole, kisha niseme. Mimi ninawaambia kila siku: siko munganga, nikiona kitu mutaenda kwa munganga. Lakini ninaona, Papa. Ninaona vizuri.

Unisalimie Mama, ile kitambaa ya bluu niliyomupa Mama Jeannette ni yake, asimupe mutu. Unisalimie kaka Bahati, apunguze mwendo ku ile pikipiki, na muke wake aliyezaa juzi, nimeomba jina la mutoto hawajaniambia. Kwa shangazi yangu aliye kambini Kashuga, ukipata mutu anayepita huko, umuambie ninamutaja ku sala kila asubui, na kama kwao kumetulia arudi kulima shamba lake. Umusalimie pia muchungaji wetu aliyenibatiza. Neema anasema Kifaransa kama mutoto wa hapa, lakini akikasirika anarudi ku Kiswahili chetu.

Sasa kazi yako. Ku anvelope kuna foto nne nimezifunga peke yake na uzi mwekundu. Ni Filou, wiki iliyopita. Alikimbia kwa mara ya kwanza, fito ziko chini, ubao uko chini. Munganga amesema amepona. Mimi nimeangalia nikaona amepona. Lakini Madame Odette ameniambia, "Wewe ulifundishwa na mutu. Ninataka huyo mutu aangalie." Hatamurudisha ku ubao wa juu mpaka apate neno lako, na kila asubui ananiuliza kama Pinga imejibu. Kwa hiyo tafuta miwani yako, Papa, ukae mahali penye mwangaza, uangalie ule muguu bila haraka. Kisha unitumie sauti. Useme tu anaenda ao haendi. Nitamutafsiria neno kwa neno.

Ni mimi, mutoto wako wa pili,

Riziki