Gauni Moja, Waigizaji Wawili

Toronto, Novemba

Mwanangu Rehema,

Huku baridi inauma mpaka kwenye meno, ila mdogo wako kaninunulia koti zito, usiwe na wasiwasi.

Jana mchana jirani yetu Mkongo, Mama Espérance, alinipeleka maktaba kuona filamu ya enzi sinema zilipoanza kusema. Wakati huo hawakujua kuweka sauti ya lugha nyingine juu ya picha, kwa hiyo waliigiza mara mbili: waigizaji wa Kiingereza wakimaliza, wa Kifaransa wanaingia nyumba ile ile. Tuliziona zote mbili.

Mwanamke wa pili alivaa gauni la wa kwanza, akakalia kiti chake, akambembeleza mtoto pale pale. Nikanong'ona, "Huyu ni mimi."

Mama Espérance akasema, "Lakini angalia, haigi mwenzake. Analia kilio chake."

Dada yangu alipofariki, wazee waliniweka mahali pake. Nikapewa nyumba yake, khanga zake, na wewe wa miezi saba. Miaka yote niliogopa utatulinganisha, nikakwambia hakuacha picha. Nilikudanganya. Ipo chini kabisa ya sanduku langu, ndani ya khanga ya kijani. Ufunguo anao baba yako.

Itundike sebuleni kabla sijarudi, juu ya kile kiti ninachokalia. Utaona ulikotoa macho yako.

Nisamehe, mwanangu. Mungu akutunze.

Mama yako wa pili