Jina la Baba Halina Ugonjwa

Mpendwa Shosho, bibi yetu wa gazetini, naomba uniamulie jambo kabla sijaingia mwezi wa saba wa mimba, maana hapa kwetu Kangari hatuli tena kwa amani, na kisa ni jina. Mtoto wetu wa kwanza tulimpa jina la baba wa mume wangu kama desturi ilivyo, na huyu wa pili, ambaye picha imeonyesha ni mvulana, anafaa kuitwa Muchiri, jina la baba yangu, lakini baba alianguka kwenye majani chai akiwa na miaka thelathini na tisa, kikapu bado mgongoni, mtu mrefu, mwembamba, mikono ya kufika magotini, na hakuamka. Kaka yangu Wambugu alimpa mwanawe wa kwanza jina hilo, na mtoto huyo miaka minane amelindwa kama yai, hachezi mpira, habebi hata mtungi wa lita tano, ati ugonjwa hufuata jina, mpaka mwaka jana akapelekwa hospitali Nyeri, daktari akasema mtoto yuko sawa kabisa, ila habari za babu yake zinafanana na ugonjwa wa Marfan, ambao hurithiwa, kwa hivyo wengine wa ukoo waletwe wapimwe, nasi hatukupeleka mtu kwa sababu hakuna mwingine mwenye jina hilo. Sasa mama mkwe anasema nisimletee kaburi nyumbani, mume wangu Ndungu anakunywa chai yake tu, na mimi nikilikataa jina nitakuwa nimemzika baba mara ya pili. Nimpe au nisimpe? Unisamehe mwandiko, miwani yangu ni mizito na bado sioni vizuri, na wiki mbili hizi nikipanda mlima na kikapu moyo unagonga mpaka nakaa chini, lakini hiyo ni mimba tu. Wenzangu hunitania, "Nduta, na vidole virefu hivyo unachuma kama watu wawili, unachokea nini?"

Nduta, Kangari

Nduta mtoto wangu, umeniuliza jina, halafu mwisho kabisa, kama mtu anayetupa maganda, ukanitajia moyo. Weka hicho kikapu chini. Anita, anayenisomea barua hizi, atakupigia simu leo leo akusomee jibu. Gazeti litafuata.

Shika kifundo cha mkono wako kwa mkono wa pili. Kidole gumba na kile cha mwisho vinapitana? Sasa kunja gumba ndani ya ngumi. Linachungulia upande wa pili? Marfan hurefusha mifupa, huharibu macho na kulegeza mshipa wa moyo. Vidole peke yake si hukumu, wako watu wa vidole virefu na ni wazima. Lakini wewe una baba aliyeanguka, macho mabovu na moyo unaogonga. Kesho asubuhi uwe Nyeri. Mwambie daktari habari ya baba, macho, moyo na mimba, usiache hata moja, na umwombe apige picha ya moyo aone ule mshipa mkubwa unaotoa damu. Kifua au mgongo ukiuma ghafla, usingoje kesho.

Mimi pia nilifanya ujinga huu. Nilimnyima mwanangu jina la babu yake aliyekufa ghafla kama baba yako, nikamwita Hezekiah, nikadhani nimefunga mlango. Ugonjwa haukuuliza jina. Alishikwa akiwa na arobaini, akapasuliwa, na leo yuko Nanyuki, ana sitini kasoro mbili, akija kwangu anainama mlangoni na kunimalizia chungu cha githeri. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ni nusu kwa nusu, msichana kwa mvulana. Damu ndiyo hupita. Jina ni la kumwita mtu aje kula.

Na wewe Ndungu, mdomo si wa kunywa chai tu. Mpeleke mkeo.

*

Shosho, ni Nduta tena. Vidole vilipitana. Daktari aliona mshipa umeanza kupanuka, akasema nimefika mapema. Nikapewa dawa, nikakatazwa kikapu, nikapimwa moyo kila mwezi, ikapangwa nijifungulie hospitali kubwa, daktari wa moyo akiwa karibu. Mama mkwe, yule wa kaburi, ndiye amekuwa akichuma majani chai yangu. Alhamisi mtoto alizaliwa, kilo tatu na nusu, sauti kama ya mnadani. Muuguzi akauliza jina. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akasema, "Muchiri! Wewe andika, unangoja nini?"

*

Haya! Nimepiga vigelegele vitano vya mtoto wa kiume mpaka majirani hapa Ruring'u wametoka nje. Umeshinda, mama Muchiri, na huyo mama mkwe msalimie sana, mwambie mikono yake imeomba msamaha vizuri kuliko mdomo.

Sasa usijisahau. Dawa kila siku, hata ukijisikia kama fahali. Mimba nyingine si kabla ya kumwuliza daktari. Mtoto apimwe moyo na macho, na akiwa na ugonjwa huo, mmejua mapema, atalelewa nao na atazeeka nao. Wambugu naye apimwe wiki hii. Mtoto wake kuwa mzima hakumfanyi yeye kuwa mzima, na asiniletee habari za kazi nyingi.

Na yule Muchiri mkubwa, aliyekaa miaka minane akitazama wenzake wakicheza? Mpeni mpira leo. Asirudi nyumbani akiwa safi.