Nyuzi Kumi na Nane Chini ya Sifuri

Jumatatu, 3 Februari
Sukari kabla ya kula: 8.1. Sindano asubuhi, sindano jioni. Kuzunguka uwanja wa shule mara sita, dakika arobaini. Wali robo sahani, mboga nusu. Miaka tisa sasa, sijaruka siku.

Umeme nyumbani umekatika tena. Nimehamisha chupa zote tatu za insulini kwenye kiwanda changu cha barafu, ndani kabisa ya friza kubwa. Mke wangu anasema mlango wa jokofu la nyumbani unatosha, ndivyo walivyomwambia kliniki. Baridi ya kitoto ile. Nimeuza barafu miaka ishirini na sita — leo nifundishwe baridi?

Jumanne, 18 Februari
11.9. Sijabadili kitu. Nimeongeza kutembea, dakika hamsini.

Alhamisi, 27 Februari
15.4. Kliniki. Muuguzi kafunua daftari langu la vipimo, kaniangalia juu ya miwani. "Mzee, sukari haipandi ngazi peke yake. Kuna mtu anaishika mkono." Benchi zima likacheka. Mimi, mdokozi wa sukari! Tangu nigundulike sijaonja hata soda.

Ila maneno yake yameniganda kichwani. Nani anapika?

Jumamosi, 1 Machi
Nimemuuliza mke wangu anatia nini kwenye uji wangu. Nimefungua makopo yake yote. Nimeonja chumvi mbele ya macho yake. Alimaliza kukunja nguo, zangu kwanza, kisha zake. Zangu kabatini. Zake kwenye begi. Yuko kwa dada yake.

16.8.

Alhamisi, 6 Machi
17.6. Napika mwenyewe, nakula mwenyewe, na bado. Basi si yeye.

Sijampigia.

Jumatatu, 10 Machi
Nimevua buti la mpira jioni, soksi ina damu. Kokoto! Ukubwa wa punje ya mahindi, limekaa humo kutwa nzima na mguu haukunipa taarifa. Kidole kidogo kimechunika. Nimesafisha, nimefunga, nimerudi kazini.

Alhamisi, 13 Machi
Kidole kimevimba, cheusi upande mmoja, kinanuka. Daktari hakuzunguka: kwa sukari hii nyama haifungi. Kesho anatazama tena. Kisiporudi rangi, kinakatwa kabla ubaya haujapanda mguuni.

Walitaka kuona dawa ninayotumia. Muuguzi yule yule akainua chupa kwenye mwanga. Vipunje vyeupe vinaelea. Akauliza naiweka wapi. Nikamjibu kifua mbele: friza ya kiwandani, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, naiyeyusha mfukoni kabla ya kudunga.

Safari hii hakunitania. "Baba, hii ikiganda mara moja tu imekufa. Umekuwa ukijidunga maji."

Siku thelathini na nane. Sindano sabini na sita.

Na mwanamke nimemfukuza kwa uji.

Ijumaa, 14 Machi
16.9, pamoja na dawa mpya. Rangi haijarudi. Saa nane mchana wananiingiza chumba cha upasuaji. Kidole kimoja, labda viwili, daktari anasema atajua akishafungua.

Fomu inataka saini ya ndugu. Nimetoa namba ya mke wangu. Kupiga mwenyewe nimeshindwa, vidole vya mikono ninavyo vyote kumi lakini nimeshindwa. Muuguzi kapiga, kaeleza yote — hata la friza. Kisha akasikiliza. Akafunika simu kwa kiganja.

"Anauliza umekula saa ngapi mara ya mwisho."

Jana, saa saba mchana. Akamfikishia. Simu ikakatwa. Nikamuuliza kama kasema anakuja. Muuguzi akasema hapana.

Kutoka kwa dada yake hadi hapa ni dakika hamsini. Zimepita arobaini na mbili.