Kreti Yenye Kitambaa Chekundu

Jumatano, 4 Machi

Leo nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Lori la mnunuzi lilipiga honi nikiwa bado nafungasha. Kreti zangu tisa zimejaa, na zimebaki nyanya laini, zile ambazo kesho hazifiki. Pembeni ipo kreti tupu ya wifi, mke wa marehemu kaka yangu. Aliniazima juzi. Nikamimina laini chini, ngumu juu. Kitambaa chake chekundu, alama ya kreti zake, nitakifungua njiani, nikajisemea. Nikasahau — kweli nilisahau!

Mkaguzi wa mnunuzi huchagua kreti moja tu katika zote za kikundi chetu, anaimwaga chini. Leo kachagua ile. Maji ya nyanya yakamrukia viatuni. Akauliza, kitambaa chekundu ni cha nani? Wifi akanyoosha mkono. Katika rundo la kreti sitini, nani akumbuke ipi alimwazima nani? Mkaguzi akamfuta jina daftarini. Msimu mzima!

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka aliposimama wifi. Nikainama kufunga kreti zangu.

Alhamisi, 5 Machi

Nimekwenda kusema. Maneno nimeyapanga vizuri. Wifi akanikaribisha chai, akanitangulia kuongea: eti hashangai, macho siku hizi hayamsaidii, huenda laini aliziona ngumu. Akacheka. Uzee huo, wifi yangu, akasema, umeanzia machoni!

Ana miaka arobaini na mbili. Huyu anamwona kiwavi mgongoni mwa jani!

Nikanywa chai. Nikaomba na sukari. Mungu wangu.

Jumamosi, 7 Machi

Wifi alipeleka nyanya soko la hapa. Soko gani hilo — kila meza nyanya, na wanunuzi ndio sisi sisi wenye nyanya! Saa kumi nimemwona anarudi, ndoo zimejaa vilevile. Kreti sita nyingine zinalainika chumbani kwake, nyumba nzima inanuka. Bila lori, shamba lake ni pambo tu. Na la kukodi. Anasema msimu huu ukimpita analirudisha kwa mwenyewe, akalime vibarua kwenye mashamba ya watu. Kaka yangu ndiye aliyelifyeka lile shamba.

Jumapili, 8 Machi

Sina la kuandika. Mwoga mimi.

Jumanne, 10 Machi

Wifi kampigia mkaguzi simu, kamsihi. Kakubali kumrudisha, ila nyanya zichambuliwe na mtu mwingine, mwenye macho mazuri na mwaminifu, naye atie sahihi. Wifi kamtaja nani? Mimi! Alikuja mbio kunipa habari, ndala moja mguuni, nyingine mkononi. Fundi cherehani kamwazima na miwani.

Nikamwambia wifi, macho yako hayana neno. Akasema namfariji tu. Nikaanza: ile kreti… Akanikatiza, tusifukue, yameisha hayo.

Nikamwitikia, ndiyo, yameisha. Tena nikapata nafuu! Hiyo nafuu ndiyo inayonitia aibu kuliko yote.

Jumatano, 11 Machi

Naandika hapa barabarani, nimekalia kreti. Leo nasema, nimeapa. Mbele ya wote. Najua nitafutwa mimi, na kreti zangu tisa ziende kuozea soko lile lile. Basi ziozee.

Lori limefika. Mkaguzi kamwaga kreti ya wifi — safi tupu, hakuna hata moja laini. Sikugusa kitu jana, wifi kazichambua mwenyewe zote, mimi nilisimama tu. Mkaguzi anakiambia kikundi kizima kwamba hivi ndivyo inavyotakiwa: mtu kumbeba wifi yake asiyeona vizuri. Wananipigia makofi. Natamani ardhi ipasuke.

Daftari liko wazi, sahihi yangu tu ndiyo inayosubiriwa. Kalamu ya mkaguzi imegoma. Wifi ananionyesha kwa kidole: mwenye kalamu yule pale, anaandika!

Anakuja kuichukua mwenyewe. Miwani ya fundi imemkaa puani, imemtia ukungu machoni. Anaitafuta njia kwa mguu, polepole — njia anayopita kila siku bila hata kutazama chini. Kanyoosha mkono. Nasema sasa. Kabla sijampa, nase