Mzee Liangi Anakuulizia, Baba

Baba yangu,

Huku Guangzhou mvua inanyesha tangu alfajiri, na mzigo wangu umeshapelekwa bandarini Nansha, kwa hiyo leo sina pa kukimbilia. Nimekaa nikuandikie. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na hii ndiyo mara ya kwanza nina habari ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu. Nimempata Liangi wako.

Ndiyo, Liangi! Yule Mchina mjenzi wa reli uliyesema ndiye aliyekufundisha bendera na simu ya reli pale stesheni ya Lusonga, kabla mimi na mdogo wangu Tabu hatujazaliwa. Utusamehe, Baba. Tulidhani ulimtunga tu ili tule ugali tunyamaze.

Ilikuwa hivi. Jumanne nilikwenda mtaa wa Yide Lu kununua kalamu na madaftari ya duka langu la Mlandizi. Mwenye duka, laoban kama wanavyoita huku, ni mama mmoja mkali. Kila nikitaja bei anatikisa kichwa. Nikawa namlalamikia Tabu kwenye simu: "Huyu laoban leo hatanii, hashuki hata kidogo." Nyuma ya maboksi kulikuwa na mzee anamenya karanga. Akainua kichwa.

"Dada," akasema, Kiswahili kabisa, "habari ya nyumbani?"

Nikadhani nimesikia vibaya. Kumbe ni baba yake yule laoban. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Dar es Salaam, kama tunavyosema wote huku. Akakataa kwa kidole. "Dar kubwa. Kwenu wapi?" Nikamwambia Lusonga, kwenye reli, mahali ambapo hata Watanzania wenzangu hapa hawapajui. Mzee akasimama, karanga zikamwagika zote.

"Lusonga! Mimi jenga Lusonga! Mimi Liangi! Saidi yupo? Saidi mrefu, imba vibaya?"

Baba, alikuwa anakuulizia wewe.

Nikamwambia umefariki. Hakuelewa. Nikasema hatunaye tena, ametangulia mbele ya haki. Akatabasamu. "Amekwenda wapi? Rudi lini?" Kiswahili chake ni cha kazini, cha nyundo na mataruma, maneno yetu ya adabu hakuna aliyemfundisha. Ikabidi niseme lile ambalo sijawahi kulitamka tangu siku ile, si kwa Tabu, si kwa mtu yeyote. "Amekufa, mzee. Baba yangu amekufa."

Hapo akaelewa. Akakaa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, tukalia mbele ya wateja. Binti yake, na ukali wake wote, akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akatuletea chai. Sijui kwa nini, Baba, lakini baada ya kulisema lile neno nilihisi kifua kimefunguka.

Kisha akaanza maswali. Treni bado inasimama? Nikamwambia inasimama, mara mbili kwa wiki, na siku nyingine inachelewa mpaka kuku wa kuuza wanasinzia. Dirisha ulilokuwa unauzia tiketi lipo vilevile. Kwenye la vifurushi sasa amekaa msichana anayetoa pesa za simu. Ile simu ya kuzungusha imebaki ukutani, haiongei na mtu. Barua za posta hazishushwi tena, ila magunia ya mpunga yanapakiwa kama zamani. Na yale mabenchi ya zege waliyoyamwaga wao, hakuna lililopasuka. Akina mama wa ndizi ndio wanayakalia wakingoja abiria. Kila nikimaliza jambo alipiga paja: "Vizuri! Vizuri!"

Na yeye akanipa lake. Alilisimulia kwa Kichina, binti yake akawa ananisomea tafsiri kwenye simu. Baba! Wewe uliyetuapia kwamba hujachelewesha treni hata mara moja katika utumishi wako wote! Siku treni ya kwanza ya abiria iliposimama Lusonga, kijiji kizima kilikuwa kinacheza, nawe ukaingia kucheza, bendera ya kijani ya kuruhusu treni iondoke umeichomeka mfuko wa nyuma. Treni ikakaa. Ikakaa. Mpaka dereva akashuka mwenyewe kukutafuta, akakutoa katikati ya ngoma. Yule binti alicheka hadi akashindwa kusoma, na mimi nikacheka mpaka mbavu zikauma. Nilicheka kama nilivyokuwa nacheka na wewe.

Jana aliniita tena, nikamkuta ananingoja na bahasha. Ndani kuna picha ndogo, nyeusi na nyeupe, imekunjika pembe. Umekaa juu ya rundo la mataruma, kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, umevaa shati la kuazima, mdomo wazi, bila shaka unaimba. Na nywele! Sisi tuliyobaki nayo ni ile ya kitambulisho tu, na pale kipara kilishakomaa. Nikamtumia Tabu. Akapiga simu anapiga kelele: "Baba alikuwa na nywele! Na hiyo pua ni ya Juma wangu!"

Kesho kutwa naruka kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun. Madaftari yatakuja na meli. Picha naibeba mwenyewe kwenye mkoba.

Pumzika sasa, Baba, Mwenyezi Mungu akurehemu huko uliko. Nami nakuahidi: shule zikifungwa, mimi na Tabu na watoto tutapanda treni, si basi, tushuke Lusonga hata ikifika saa ngapi. Mzee Liangi hawezi kusafiri, magoti yamekataa. Ameomba kitu kimoja tu, nimpigie nikiwa pale stesheni, asikie honi treni ikiondoka. Nitampigia. Nitainyoosha simu juu kabisa, wala sitaishusha mpaka behewa la mwisho lipite.

Binti yako,
Zuhura