Waya Chini ya Mbaazi

Jumatatu, 10 Februari 2025
Hillary wa mradi amekuja Maungu kusoma mita. Nyumba kumi za sola, zote saizi moja, betri moja — na katika shindano la kutumia umeme kidogo sisi tumeshuka hadi nambari nne! Eti nyumba yangu inakula umeme hata tukilala. Haiwezekani. Friji ya mradi niliikataa siku ya kwanza ili tuongoze, mke wangu Wakesho akaninunia wiki nzima. Taa mbili na redio, basi. Kuna mtu anatuibia.

Jumanne, 11 Februari
Nimezima kila kitu tangu asubuhi. Mita bado inatembea! Nimemwuliza mke wangu. Anachagua ndengu, hata hakuinua macho. Ananificha kitu, naapa.

Jumatano, 12 Februari
Nimemnasa! Koki, jirani mwenye kibanda cha soda. Waya umefukiwa chini ya mbaazi zangu, kutoka nyuma ya jiko letu hadi kwa friji yake. Na anavyonisalimia kwa heshima, Baba Loise, Baba Loise! Nimeukata kwa panga, nikarudishia udongo. Simwambii mtu. Nataka kuona nani atalia kwanza.

Jumamosi, 15 Februari
Hakuna aliyelia. Ajabu. Na jerikeni nzima ya maji ya kununua imeisha kwa siku moja! Wakesho anasema ameyanywa. Nani anakunywa hivyo? Anampelekea Koki, hakuna lingine.

Jumapili, 16 Februari
Wakesho hakwenda kanisani. Amechoka, anasema. Ana sukari, najua, lakini si ana tembe zake? Anakwepa maswali yangu.

Jumanne, 18 Februari
Hillary kapiga simu. Nambari moja! Nilikuwa bado nacheka Koki alipoingia bila hodi, na mkebe wa vichupa. Dawa ya sindano ya Wakesho. Tangu Novemba inakaa kwa friji yake, na waya waliuvuta wawili hao nikiwa Voi. Friji ilipozimika Jumatano iliyopita, Wakesho alimkataza kuniambia. Akaendelea kujidunga dawa iliyopata joto.

Nimemwuliza Wakesho mbona hakusema. Amelala, anahema, midomo imekauka. Ananijibu: Ungeuliza kwanza umeme ni wa nani, Baba Loise.

Naogopa. Mark wa teksi anakuja na gari lake, Probox, atupeleke hospitali Voi. Dakika ishirini, amesema, na sasa ni arobaini. Koki anamnywesha Wakesho maji. Ananiuliza kama najua waya ulikatwa na nini. Panga liko pale mlangoni, bado lina udongo —